Kafka au Woolf: uanze na kitabu kipi kuiona picha mpya ya binadamu

Mwaka 1924, mbele ya wasikilizaji wa Cambridge, mwandishi wa Kiingereza Virginia Woolf alitamka kwamba tabia ya binadamu ilibadilika mnamo Desemba 1910 au karibu na hapo. Alijua kuwa tarehe hiyo ni ya kuchokoza, na mwenyewe alikiri kwamba hakuna aliyetoka nje akalikuta badiliko hilo bustanini kama mtu akutavyo yai lililotagwa na kuku. Alichokuwa akikisema ni kwamba mahusiano yamehama, yale ya bwana na mtumishi, ya mume na mke, ya mzazi na mtoto. Na mahusiano yakihama, basi dini, mwenendo, siasa na fasihi haviwezi kubaki vilipokuwa.

Msomaji anayetaka kuliona badiliko hilo ndani ya hadithi yenyewe, badala ya kulisoma katika vitabu vya nadharia, mara nyingi huelekezwa kwenye vitabu viwili: Die Verwandlung, novela ya Franz Kafka iliyochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1915, ambayo hapa nitaiita Mageuko, na Mrs Dalloway, riwaya ya Woolf mwenyewe iliyotoka London mwaka 1925. Vyote viwili hutiwa katika kapu moja la usasa, yaani fasihi ya mwanzoni mwa karne ya 20 iliyoacha njia za zamani za kusimulia, na hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia, kwa sababu vinauliza maswali tofauti. Kafka anauliza ni nini kinachobaki cha mtu pale wenzake wanapoacha kumhesabu kuwa mtu. Woolf anauliza ni kiasi gani cha mtu kinachoweza kujulikana na mwenzake, hata wakiwa wanalala nyumba moja. Anayekichukua kimoja akitafuta jibu la kingine huishia kulalamika kwamba fasihi hii ni ngumu bure. Nimeyasikia malalamiko hayo mara nyingi, na zamani niliyatoa mimi mwenyewe, baada ya kuifunga Mrs Dalloway kwenye ukurasa wa thelathini na kuirudisha rafuni.

Picha iliyokuwapo kabla yao

Riwaya ya uhalisia ya karne ya 19 ilimchukulia mtu kuwa kitu chenye umbo. Ana tabia, tabia hiyo inaonekana katika matendo, mavazi, nyumba na namna anavyotumia fedha, na msimulizi anayemjua nje na ndani anaweza kumweleza msomaji mwanzo hadi mwisho. Wasemaji wa Kiswahili hawahitaji kufundishwa wazo hilo, kwani tunalo katika methali isemayo kuwa muungwana ni vitendo, na tunalo katika fasihi yetu: Shaaban Robert alipomwita mhusika wake Karama, mwingine Majivuno, na mwingine Utubora, alikuwa amekwisha kutueleza yaliyomo ndani yao kabla hawajafumbua kinywa. Huo haukuwa udhaifu wa mwandishi. Ni falsafa kamili ya utu, yenye imani kwamba jina, neno na tendo vinaweza kulingana.

Imani hiyo ilianza kutikiswa huko Ulaya kutoka pande kadhaa. Darwin alikwisha kumweka binadamu katika ukoo wa wanyama mwaka 1871. Mwanasaikolojia William James, mwaka 1890, alieleza fahamu kuwa ni mkondo usiokatika badala ya mnyororo wa mawazo yaliyopangwa. Freud, katika kitabu chake cha ndoto chenye tarehe ya 1900, alidai kwamba sehemu kubwa ya nafsi haijulikani hata na mwenyewe. Kisha vikaja vita vya 1914 hadi 1918. Sitakaa sana hapo, kwa kuwa orodha hii inapatikana kila mahali, na kwa kuwa Kafka aliandika Mageuko mwishoni mwa 1912, kabla ya risasi ya kwanza. Wanaosema kuwa usasa wote ulizaliwa na vita wangefaa kuikumbuka tarehe hiyo.

Mageuko: mtu aliyeondolewa kwenye hesabu

Gregor Samsa ni mwuzaji wa vitambaa anayesafiri kwa niaba ya kampuni. Anaamka asubuhi moja akiwa amegeuka mdudu mkubwa wa kuchukiza, na jambo la kwanza linalomtia wasiwasi mkubwa ni treni. Saa yake ilitegwa iamshe saa kumi alfajiri. Sasa ni saa kumi na mbili na nusu. Treni ya saa kumi na moja imekwenda, na ile ya saa moja hataiwahi. Analala chali, miguu mingi myembamba ikitapatapa mbele ya macho yake, naye anapiga hesabu ya visingizio atakavyompa mwajiri, akikumbuka kwamba katika miaka mitano ya kazi hajaugua hata siku moja. Muda si muda karani mkuu wa kampuni yuko mlangoni kuuliza kulikoni.

Hapo ndipo penye kiini cha kitabu, na ndipo wasomaji wengi wanapopita mbio wakisubiri mambo ya ajabu. Mwili umekwisha kugeuka, lakini akili inaendelea na ratiba ya kazi, na hiyo ndiyo dalili kwamba kugeuka kulikwisha kutokea siku nyingi, pale mtu alipokuwa chombo cha kulipa deni la baba yake. Kafka hakuyatoa haya hewani. Kuanzia 1908 hadi 1922 aliajiriwa mjini Prague na taasisi ya bima ya ajali za wafanyakazi, na miongoni mwa mambo aliyoyaandikia ripoti ni mashine za kuranda mbao zilizokuwa zikikata vidole vya mafundi. Alizoea kumwona binadamu akiingia ofisini kama jalada la madai.

Tukio ambalo ningemwonyesha msomaji anayesitasita liko katika sehemu ya pili. Dada yake Gregor, Grete, anaona kwamba kaka yake hupenda kutambaa ukutani na darini, hivyo anaamua kuondoa samani ili chumba kiwe na nafasi. Ni wazo la huruma. Mama anasita: kuziondoa samani, anasema, ni kama kutangaza kwamba tumekata tamaa ya yeye kurudi. Gregor, aliyejificha, anaisikia sauti ya mama na anashtuka kugundua kwamba yeye mwenyewe alikuwa anautamani ule uwazi, na kwamba ungemgharimu kumbukumbu zake zote za kuwa mtu. Basi anatoka, anapanda ukutani na kuing'ang'ania picha ya mwanamke mwenye mavazi ya manyoya aliyoikata gazetini, ili angalau hiyo isichukuliwe. Katika kurasa chache hizo kuna mjadala mzima: je, utu ni kile ambacho mwili unakitaka sasa, au ni vile vitu vilivyobeba historia yako, hata vikiwa picha ya gazeti isiyo na thamani? Kafka hajibu. Grete, ambaye ndiye pekee aliyekuwa akimpelekea chakula na kuchunguza anachopenda, ndiye anayesisitiza samani zitoke.

Baadaye baba anamrushia matofaa, moja likamzama mgongoni likabaki humo; na mwishoni ni Grete huyohuyo anayetamka kwamba lazima waachane naye. Hapa Kijerumani kinafanya jambo ambalo msomaji wa Kiswahili atalielewa haraka kuliko msomaji wa Kiingereza, kwa sababu sisi tuna ngeli. Grete anasema hatalitaja jina la kaka yake mbele ya kiumbe hiki, na papo hapo anatumia kiwakilishi cha kitu, si cha mtu. Kwetu mdudu bado ni wa ngeli ya mtu: tungesema “tumwondoe”, naye angebaki mwenzetu katika sarufi. Ili kulifikia kosa la Grete, mfasiri wa Kiswahili angelazimika kuliacha neno mdudu na kusema “dude hili, tuliondoe”. Silabi moja, na ndugu amekwisha kuwa kifaa kibovu. Ukisoma kwa Kiingereza, zingatia mahali hapo panapohama “yeye”. Ni rahisi kupapita.

Jambo la mwisho kuhusu kitabu hiki: Kafka alipopata habari kwamba jalada litachorwa, alimsihi mchapishaji mdudu asichorwe kabisa, hata kwa mbali. Jalada lililotoka linamwonyesha mwanamume aliyejifunika uso akiondoka kwenye mlango ulio wazi. Wanaochora mende kwenye majalada ya leo wanampa msomaji kile ambacho mwandishi alikinyima kwa makusudi, kwa kuwa mdudu akishaonekana, msomaji hupata mahali pa kusimama na kusema yule si mimi.

Mrs Dalloway: mtu asiyejulikana na mwenzake

Ukitoka kwa Kafka ukaingia kwa Woolf utahisi umetoka chumba kimoja kilichofungwa ukaingia mji mzima uliofunguka. Ni siku moja ya Juni, 1923, London. Clarissa Dalloway, mke wa mbunge, mwenye umri uliopita miaka hamsini, anatoka kununua maua kwa ajili ya karamu ya jioni. Sambamba naye yuko Septimus Warren Smith, askari aliyerudi kutoka vitani, ambaye rafiki yake Evans aliuawa nchini Italia muda mfupi kabla ya mapigano kusitishwa, naye akajipongeza kwamba hakuhisi kitu. Sasa anamwona Evans bustanini na kuwasikia ndege wakiimba kwa Kigiriki. Wawili hawa hawaonani kamwe. Kinachowaunganisha ni saa ya Big Ben, magari yaleyale ya barabarani, na jioni, habari ya kifo.

Matendo ya Clarissa siku hiyo yanatosha kuandikwa nyuma ya bahasha: ananunua maua, anashona gauni lililochanika, anampokea mgeni aliyetoka India, anakaribisha wageni. Kwa kipimo cha muungwana ni vitendo, hana hadithi. Woolf anakivunja kipimo hicho kwa kushuka chini ya matendo. Katika shajara yake alieleza kwamba anachimba mapango nyuma ya wahusika, mapango yatakayounganika yenyewe kwa yenyewe. Ndani ya pango la Clarissa kuna ujana wa Bourton, nyumba ya kwao ya mashambani, kuna mwanamume ambaye Clarissa alimkataa na ambaye bado anabishana naye kichwani, kuna hofu ya moyo uliodhoofishwa na homa ya mafua, na kuna furaha isiyo na sababu. Hakuna kati ya hayo kinachoonekana na jirani yake.

Tukio la kuonjea ni la ndege angani, karibu na mwanzo. Ndege inaandika herufi kwa moshi, tangazo la biashara, na watu barabarani wanainua shingo. Mmoja anasoma neno moja, wa pili anasoma lingine, mwingine anaona ni peremende. Septimus, akiwa kwenye benchi la bustani na mkewe Lucrezia, anaona kwamba anaandikiwa yeye, na machozi yanamtoka kwa uzuri wake. Moshi ni uleule. Ukitaka kujua kwa nini mwandishi wa kizazi hiki aliacha kumtumia msimulizi anayejua yote, tukio hilo linatosha kuliko sura nzima ya nadharia.

Lakini Woolf hakuishia kwenye uzuri wa akili inayotiririka, na watu wanaomsifia hilo tu wanamfanya mpole kuliko alivyo. Daktari Holmes anamwambia Septimus kwamba hana ugonjwa wowote. Bingwa Sir William Bradshaw anautambua ugonjwa kwa dakika mbili tatu tu, na dawa yake ni mizani: apumzike, atengwe na mkewe, apelekwe kwenye nyumba ya wagonjwa kijijini, arudishwe kwenye kipimo cha kawaida. Huyu ndiye mtetezi wa picha ya zamani ya binadamu, aliyevaa koti la sayansi: anajua mtu anavyopaswa kuwa, na asiyelingana anafungiwa. Holmes anapopanda ngazi kumfuata, Septimus anajirusha dirishani juu ya vyuma vya uzio. Jioni, Bradshaw na mkewe wanaileta habari hiyo karamuni kama udhuru wa kuchelewa, na Clarissa, ambaye hakuwahi kumwona kijana huyo, anajitenga katika chumba kidogo na kumwelewa kuliko daktari wake. Woolf alikuja kueleza kwamba katika mpango wa mwanzo Septimus hakuwamo, na Clarissa ndiye aliyekuwa afe. Kijana alizaliwa kuwa pacha wake.

Lawama ninayo. Pango la Clarissa limechimbwa kwa uangalifu kuliko la Lucy, mtumishi wake, ambaye tunamwona zaidi akibeba vyombo vya fedha vya mezani. Na India katika kitabu hiki ni mahali ambapo mwanamume mmoja wa Kiingereza alikwenda na kurudi. Mwandishi aliyetangaza kwamba uhusiano wa bwana na mtumishi umehama hakuuhamisha sana ndani ya nyumba hii. Kwa upande huo Kafka anamzidi, kwa kuwa kwake mtu wa mshahara ndiye kiini cha hadithi.

Kimoja dhidi ya kingine, mkononi

Kwa urefu, Mageuko husomwa jioni moja. Ina sehemu tatu, sentensi zilizonyooka, na mpangilio wa matukio usiorudi nyuma. Mrs Dalloway haina sura, ila nafasi tupu hapa na pale, na sentensi moja inaweza kuanzia kichwani mwa mtu mmoja na kuishia kwa mwingine aliyepishana naye njiani. Kiingereza humsaidia msomaji kwa kutenganisha viwakilishi vya mwanamume na mwanamke. Tukiihadithia kwa Kiswahili, “alifikiri” haimtofautishi Clarissa na mgeni wake, na inabidi kuyarudia majina. Katika kikundi chetu cha usomaji tulijaribu kuueleza kwa Kiswahili ukurasa mmoja tu wa karamu, na baada ya mistari kumi hakuna aliyejua nani anamfikiria nani.

Hata hivyo wepesi wa Kafka una mtego. Kwa kuwa lugha ni nyepesi, msomaji huamini ameelewa, kisha hukimbilia kumtafsiri mdudu kuwa alama ya kitu fulani: ubepari, baba, ugonjwa. Nashauri usimtafsiri katika usomaji wa kwanza. Angalia badala yake mambo madogo, kama vile wazazi wanavyoitwa baba na mama mpaka Gregor anapokufa, kisha ghafla wanaitwa Bwana na Bibi Samsa. Tulikuwa tukiwaona kwa macho yake bila kujua, na macho hayo yamefumba.

Ugumu wa Woolf ni wa kinyume: mwanzo unachosha, halafu unakubeba. Kosa langu la kwanza lilikuwa kutafuta kisa. Niliporudi nikausoma kwa sauti, polepole, nikakubali kutojua kwa kurasa hamsini, kitabu kilifunguka chenyewe. Na usianze na Ulysses ya James Joyce, ya mwaka 1922, kwa sababu tu inatajwa kwanza katika kila orodha. Hata Woolf na mumewe, walipoletewa sehemu yake mwaka 1918, waliona mashine yao ndogo ya kuchapia isingeweza kazi ndefu namna ile.

Kwa aliyekwisha kuwasoma waandishi wetu, uchaguzi ni rahisi zaidi. Ikiwa Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka 1974, ndiyo iliyokukamata, na ukabaki na Kazimoto akilini, msomi aliyetengana na watu wake mpaka akajiua, anza na Mrs Dalloway na umfuate Septimus. Utaona namna nyingine ya kukiandika kifo hicho bila kukigeuza fundisho. Ikiwa uliipenda Nagona, ya mwaka 1990, ambamo sheria za ulimwengu wa kawaida zimelegezwa na hakuna anayestaajabu, basi Mageuko itakupokea kama mwenyeji. Mwanafunzi mwenye mtihani wa udhanaishi, falsafa inayouliza maana ya kuwapo kwa mtu, achukue Kafka. Mwenye mzazi au ndugu aliyeacha kuongea, naye anataka kujua kinachoendelea nyuma ya ukimya huo, achukue Woolf, ampe wiki mbili.

Ukiwa na wikiendi moja tu, soma Mageuko Jumamosi kwa mkao mmoja. Jumapili fungua Mrs Dalloway, soma mpaka ndege ifute maandishi yake angani, kisha uamue kama utaendelea. Mimi ningeendelea.